Vitu Mbalimbali

Geti tulilifunga kwa kufuli mbili,
moja ya Gwamaka, moja yangu,
na mnyororo wa baiskeli tukaupitisha
mgongoni mwa kompyuta, mguuni mwa meza.
Mbwa tulimwazima kwa fundi cherehani.
Basi wao wakapita juu.

Juni, baridi ile ya Mwanjelwa
inayomkunja mlinzi ndani ya koti la mtumba,
uso kwa jiko la mkaa, mgongo kwa dunia.
Upepo ulipiga mabati usiku kucha.
Misumari ilipong'olewa
nani angejua kelele ipi ni ipi?

Asubuhi tulikuta anga.
Kipande cha mraba, buluu, juu ya kiti changu.
Mnyororo mzima, kufuli nzima.
Walikata meza.

Kituoni afande alifungua daftari.
Mali?
Kompyuta moja, nyeusi.
Namba yake?
Namba ilibaki kwenye boksi,
na boksi analalia kuku wa mama Gwamaka.
Thamani?
Milioni moja na laki mbili.
Kingine?

Nikasema: sauti.

Akainua kalamu, akanitazama.
Nikamwambia: kwaya ya Masoko, akina mama kumi na wanne,
walilipa kwa mikungu mitatu ya ndizi.
Bibi Tusekile wa Kiwira, hadithi tisa,
na ile ya kumi aliyoiachia njiani akacheka
kwa kusahau fisi alikuwa anakwenda wapi.
Pasaka tukamzika.
Na mdundo wa Gwamaka wa miezi saba,
bado haujapata jina.

Afande si mtu mbaya.
Alitafuta safu ya kuandika hayo, akapekua, akarudi,
mwisho akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa:
*na vitu mbalimbali.*

Namuwaza huyo mtu.
Ameshaiuza, labda Kabwe, labda imevuka Tunduma,
kwa bei ya magunia kadhaa ya viazi.
Fundi ameiwasha, mashine imeuliza kwa adabu:
Je, una uhakika unataka kufuta vyote?
Naye, huku anatafuna karanga,
amebonyeza Ndiyo.
Hawakuwa na ugomvi na bibi Tusekile.
Hawakumjua.

Ukutani kwetu palikuwa na karatasi, herufi kubwa, kazi ya mkono wangu:
MARUFUKU KUTOA KAZI STUDIO.
Niliogopa nyimbo zisivuje,
zisiimbwe kwenye bajaji kabla sijalipwa.
Nakala moja, mahali pamoja, ufunguo kwangu.
Nilijiona mjanja.

Wiki ya tatu akaja Atupele, mdogo wake Gwamaka,
yule anayetufagilia na kutuletea chai.
Alisimama mlangoni, hakuingia.
Akatoa flashi ndogo kwenye kitambaa cha leso,
inanuka vitunguu.
"Kaka, msinipige.
Nilimchukua bibi mwezi wa tatu.
Nilitaka nimsikilize nikipika."

Hadithi tisa. Na ya kumi, na kicheko.

Sikujua nimwambie nini.
Kaiba, kwa sheria yangu mwenyewe kaiba,
na mwizi wa ndani ndiye aliyetubakizia
alichokomba mwizi wa nje.
Nilichana ile karatasi. Gwamaka akawashia jiko.

Siku hizi namba za mashine nimeziandika
nyuma ya mlango wa kabati na kwenye Biblia ya mama.
Dari tumepiga nondo.
Diski moja inakaa Kiwira, kwenye kopo la mchele,
maana unyevu wa kule nao ni mwizi.
Nyingine sisemi iko wapi.

Lakini kwaya haikuwemo.
Atupele hapiki kwa kwaya.
Jumamosi tulipanda Masoko, tukawakuta shambani,
sasa wako kumi na watatu.
Nikaeleza yote, mabati, meza, daftari la afande.
Walinisikiliza mpaka mwisho, majembe mabegani.
Kisha yule wa sauti ya tatu akauliza:
"Sawa, tutaimba tena.
Ila mara hii
ndizi analeta nani?"